Gari la Moshi na Heshima ya Mtu

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi, Subukia. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Kamati ilituomba tuseme juu ya mafuta, na wengi wenu mlipoliona tangazo mlidhani tutazungumza habari ya bei tu. Wengine mmekuja na hasira tayari. Bei tutaitaja, maana hakuna mtu wa Subukia asiyeijua: dizeli ikipanda Nakuru asubuhi, jioni nauli ya matatu imepanda hapa, na juma lijalo mwenye lori anamkata mkulima wa kabichi na viazi. Lakini nyuma ya bei kuna jambo jingine ambalo katika chama hatulisemi, nalo ni hili: sisi watu wa Kenya twayapenda mafuta. Twayapenda kwa namna isiyotokana na hesabu. Na kitu kinachopendwa hivyo ni kigumu kukiacha, hata kikikula.

Tuanze na jina la kazi yetu wenyewe. Kiswahili kimeliita treni "gari la moshi". Waliolipa jina hilo hawakutazama chuma, wala magurudumu, wala njia, walitazama moshi. Watoto wa hapa wakiambiwa leo wachore treni, huchora bomba mbele na moshi mweusi ukipanda mbinguni, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepata kuona injini ya mvuke ikitembea. Sisi nasi tulichora hivyo hivyo. Katika shule ya misheni tuliyosoma, siku moja mwalimu alituagiza tuchore maendeleo. Darasa zima, bila kuambizana, likachora kiwanda chenye bomba refu. Aliyeweka moshi mwingi kuliko wote ndiye aliyepewa alama nyingi, na picha yake ikabandikwa ukutani mpaka mwisho wa mwaka.

Wazee wa kale hawakuanza na mapenzi hayo. Wakikuyu husimulia habari za Mugo wa Kibiru, aliyetabiri kuja kwa nyoka wa chuma. Wanandi nao husimulia habari za Kimnyole, Orkoiyot wao, aliyesema kwamba nyoka mkubwa atatoka kwenye maji ya mashariki, akitema moto na moshi, aende kuzima kiu yake katika ziwa la magharibi. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, ziwani kweli. Mwana wa Kimnyole, Koitalel Samoei, alipigana na reli na wenye reli miaka mingi, hata akauawa mwaka 1905 alipokuja kuzungumza habari za amani. Basi kwa babu zetu moshi ulikuja kama ishara ya adui. Haikupita miaka mia moshi huo huo ukawa ishara ya mtu aliyefanikiwa. Yafaa tujue safari hiyo ilikwendaje.

Injini za kwanza zilikula kuni. Zilikula nyingi sana, hata serikali ya Wazungu ikahofia misitu itakwisha, na mwaka 1902 mikaratusi ikaletwa nchini ili itafutwe aina ifaayo kwa kuni za reli. Ile mikaratusi mnayoiona kila mahali, ambayo wengine mwaapa kwamba ni miti ya asili, mzee wake aliletwa kulisha gari la moshi. Pamoja na kuni yalikuwako makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli. Baada ya Vita Kuu ya Pili injini zikageuzwa zichome mafuta mazito. Mwaka 1955 na 1956 zikaja zile kubwa 34 kutoka Manchester zilizopewa majina ya milima, kila moja na uzito wa tani zaidi ya 250, nazo zote zilikuwa za mafuta. Halafu ikaja dizeli, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kazi. Angalieni jambo moja hapo. Kuni zilikatwa hapa hapa nchini. Makaa na mafuta yalitoka ng'ambo. Kila hatua tuliyoiita maendeleo ilizidi kututia katika mikono ya mwenye meli.

Lakini habari ya injini haitoshi kueleza mapenzi. Lazima tuseme nani aliketi wapi.

Katika treni ile Mwafrika aliketi daraja la tatu, kwenye mbao, na mizigo na kuku. Daraja la kwanza lilikuwa la Mzungu, la pili likawa la Mhindi. Mtu aliyetoka Nakuru kwenda Kisumu alitumia treni hiyo kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na kila safari ilimkumbusha kwamba yeye ni wa tatu. Hapa Subukia na Solai masetla walijengewa kijireli chao kutoka Rongai katika miaka ya 1920 ili kibebe mazao yao. Sisi tulikuwa wapakizi. Na setla mwenyewe alipita barabarani ndani ya gari lake, na vumbi lake likamwangukia aliyekuwa akitembea kwa miguu na kipande shingoni. Mzee mmoja aliyekuwa skwota katika shamba moja la bonde hili alituambia kwamba alipokuwa mtoto walikuwa wakikimbia nyuma ya gari la bwana shamba ili wanuse harufu ya petroli. "Ilikuwa harufu ya mtu asiyeulizwa anakwenda wapi," akasema. Maneno hayo yametukaa moyoni.

Basi Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mtu wa kwanza kupata cheo alinunua nini? Gari. Na watu walikuwa na ulimi mkali hata wakati ule, wakawaita "Wabenzi", kabila jipya lisilo na nchi wala mila ila Mercedes. Tuliwacheka Wabenzi, nasi moyoni tulitamani kuwa wao. Asiyeweza kununua gari akapanda matatu, iliyopata jina lake kutokana na nauli ya senti thelathini. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu matatu zibebe watu bila leseni ile ngumu ya mabasi. Matatu ilikuwa yetu. Dereva ni mtoto wa jirani, muziki ni wetu, inasimama unapotaka, na hakuna daraja la tatu ndani yake, wote twabanana sawa. Ukitafuta sababu ya Mkenya kuiacha reli yake ife huku yeye akinunua petroli ya ng'ambo, usiitafute katika vitabu vya serikali peke yake. Itafute pia katika zile mbao za daraja la tatu.

Twamjua mwenzetu mmoja wa karakana, naye yupo hapa leo, ametupa ruhusa tumtaje bila jina. Alikopa katika sako yetu, akanunua gari lililokwisha kutumika Japani. Sasa ni mwaka wa pili, gari liko chini ya mparachichi, na yeye aja kazini kwa miguu kwa sababu mkopo unakata mshahara na kilichobaki hakitoshi petroli. Jumapili hulipiga maji na sabuni, akalizungusha mpaka kanisani na kurudi. Msicheke sana. Tulipomwuliza kwa nini asiliuze, alijibu: "Ndugu, siku ile nilipoliingiza kwa wakwe, baba mkwe alisimama. Miaka minane alikuwa akinipokea ameketi."

Mnaona hapo. Mtu huyu hanunui petroli, ananunua kusimama kwa baba mkwe. Na ndivyo tulivyo sote. Mazishi twayahesabu kwa urefu wa msafara wa magari. Katika harambee ya kanisa, aliyekuja kwa gari huletewa kiti meza ya mbele kabla haijajulikana atatoa shilingi ngapi, na mama aliyetembea kutoka bondeni na mia mbili zake zilizofungwa kwenye leso hubaki mlangoni. Tena kijana mmoja wa bodaboda hapa stendi aliletewa pikipiki ya umeme aijaribu. Alikiri kwamba kwa siku ingempunguzia gharama. Akaikataa. Kwa nini? "Haina mngurumo," akasema, "abiria atadhani ni baiskeli."

Sasa gharama. Kenya hainunui mafuta machafu tena ili iyasafishe. Kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Kila lita ya petroli na dizeli tunayochoma huja imekwisha kusafishwa, kwa meli, na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwezi wa Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36, na dizeli ikapita 205. Sehemu ya bei hiyo ilitokana na vita na mambo ya dunia, sehemu na kushuka kwa shilingi, na sehemu na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliyopandisha kodi ya VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta ya taa yalikwisha pigwa kabla ya hapo: mwaka 2018 yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili wenye malori wasiyachanganye na dizeli. Walaghai walikuwa wengine, aliyelipa ni mama mwenye jiko la utambi. Wengi walirudi kwenye kuni na makaa ya miti, na misitu ya milima yetu ndiyo iliyojua.

Na bado, Machi 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana katika kisima kiitwacho Ngamia 1, nchi nzima ilishangilia. Tulishangilia sisi pia. Lugha yetu yenyewe ilitusaidia kushangilia: mafuta ni yale ya kupaka, ni yale ya kukaangia, ni unono wa nyama, nyumba yenye mafuta ni nyumba yenye baraka. Hakuna aliyesikia neno hilo akafikiria moshi. Juni 2018 malori ya kwanza yalianza kuyateremsha kutoka Lokichar hadi Mombasa. Kwa malori, ndugu zangu, si kwa reli, nasi wa Nakuru tuliyatazama yakipita. Mwezi huo huo watu wa Turkana waliifunga njia wakidai usalama na haki yao katika mali ya kwao, na malori yakasimama mpaka Agosti. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, ilipakiwa melini kwa sherehe kubwa. Huko kisimani kulikofanyiwa sherehe, mama wa Kiturkana alikuwa bado akitembea kutafuta maji.

Twasema haya tukijua kwamba jambo lenyewe si la Kenya peke yake. Kila taifa huchoma kitu fulani kwa sababu za moyo, na huacha kitu fulani kwa sababu za moyo pia. Watu wa Lamu ni mfano ulio karibu. Serikali na kampuni moja walitaka kujenga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050. Sisi wa bara tulisema, kazi ni kazi, wapeni umeme. Lakini Lamu ni mji wa punda na majahazi, vichochoro vyake havina nafasi ya motokaa, na mvuvi wa huko heshima yake iko baharini. Bomba la moshi halikuwa ndoto yake kamwe. Walikataa, wakaenda kwenye baraza la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta kibali cha mtambo. Mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaushikilia uamuzi huo. Twaamini kama mtambo ule ungepangwa kujengwa Nakuru, tungeupigia makofi. Tungeona bomba lile la picha yetu ya shule.

Ethiopia nayo haikuchimba mafuta yake. Lakini ina mto wa Abbay na fahari ya kutotawaliwa, na watu wake wakaambiwa bwawa hili litajengwa kwa mikono yetu. Wafanyakazi wa huko walikatwa mishahara kununua hati za bwawa, na wengi wao waliona ni heshima. Bwawa lilizinduliwa Septemba 2025. Reli yao mpya kutoka Addis Ababa hadi Djibouti, ya zaidi ya kilomita 750, ni ya umeme, na mwaka 2024 serikali yao ikazuia kuingizwa kwa magari madogo ya petroli na dizeli. Hatusemi kila kitu cha huko ni kizuri; wafanyakazi wao wana shida zao, na Misri ina neno lake juu ya maji. Twasema tu kwamba huko mtu aweza kuona fahari katika waya wa umeme kama sisi tunavyoona fahari katika ekzosi. Wanorwei nao ni kichekesho kingine: wanauza mafuta na gesi kwa dunia nzima, lakini mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya waliyonunua yalikuwa ya umeme. Wao hujiona watu wa maporomoko ya maji. Mafuta ni ya kuwauzia wageni.

Na sisi? Hapa ndipo jambo linapotuuma sisi wa reli.

Karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya hazitokani na mafuta. Zatoka kwenye maji, upepo, jua, na hasa mvuke wa ardhini, na mvuke huo uko hapa hapa katika Bonde letu. Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981, megawati 15. Menengai, mlima uliosimama juu ya mji wa Nakuru, ambao tulipokuwa wadogo tulitishwa kwamba mashetani hulima mashamba humo ndani, umetoa umeme tangu 2023. Hakuna meli inayoleta mvuke huo, wala vita vya ng'ambo haviwezi kuuzima. Sasa ile reli mpya: ilifunguliwa Mombasa hadi Nairobi Mei 2017, ikafika Suswa, upande wa Naivasha, Oktoba 2019. Olkaria haiko mbali na hapo. Na treni ile huja na kurudi kwa dizeli! Dizeli imetoka Ghuba kwa meli, imepanda kutoka bahari, ije itembeze treni kandokando ya ardhi inayochemka yenyewe. Tuliambiwa njia imetengenezwa kwa namna ambayo siku moja yaweza kutiwa umeme. Hiyo siku haijatajwa jina. Wenzetu wa Tanzania walianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Julai wakafika Dodoma. Kweli, umeme wao mwingine hutokana na gesi, na kweli bwawa lao la Mwalimu Nyerere ndilo lililowapa kiburi. Lakini kiburi hicho kimejenga kitu.

Kwa nini hapa hakuna aliyepiga kelele? Bei ya mafuta ikipanda twaandamana, na ni haki yetu. Injini za dizeli zilipoletwa, tulipiga picha nazo. Hakuna chama cha wafanyakazi kilichouliza, hata chetu. Twalisema hili kwa aibu, maana sisi ndio tulioshika spana. Olkaria twaijua katika noti za shule za watoto, lakini haimo katika nyimbo zetu wala katika mahari zetu. Hakuna baba mkwe aliyesimama kwa ajili ya mvuke.

Tena tusidanganyane kwamba mvuke hauna machozi. Mwaka 2014 jamaa za Kimaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mitambo, na malalamiko yao juu ya ardhi na nyumba walizopewa yalifika mbali. Na mwenzetu anayenunua tokeni za umeme aona zinavyoyeyuka; mvuke ni wa bure, bili si ya bure. Umeme ukija kwa namna hiyo, kutoka juu, kwa kumhamisha mtu na kumkamua mwingine, basi watu watauona kama kipande kingine cha kuvaa shingoni, na petroli itazidi kunukia uhuru.

Tunajua pia hofu iliyomo katika chumba hiki. Fundi mmoja wa dizeli, mtu tunayemheshimu sana, alituambia katika kamati: "Ninyi mkiomba umeme, mwaomba nifukuzwe." Hajakosea kuogopa. Katika landi za Nakuru tulimtembelea mzee aliyekuwa mchochea moto wa injini za mvuke. Dizeli ilipokuja haikuhitaji mtu wa moto, wala mtu wa kusafisha mabomba ya mvuke, wala mtu wa maji katika kila stesheni. Yeye alimaliza miaka yake ya kazi akifagia behewa. Hakulalamika juu ya mshahara, ambao anasema haukupungua sana. Alichokisema ni kwamba watoto waliacha kumpungia mkono.

Na waulizeni wachimbaji wa makaa wa Uingereza. Waligoma mwaka mzima, kutoka Machi 1984 hadi Machi 1985, nasi vijana twasoma habari zao kana kwamba walipigania makaa. Walipigania vijiji vyao, bendi zao za tarumbeta, mabango ya chama waliyoyabeba barabarani, na jina la baba zao. Walishindwa, migodi ikafungwa, na vijiji vingi vikaachwa bila kitu. Septemba 2024 Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa. Hewa yao imekuwa safi, na katika vijiji vile bado kuna watu wenye uchungu. Basi kama twataka kuacha dizeli, hatuwezi kumpita fundi wa dizeli kama gari la setla lilivyompita mtu wa miguu.

Kuna mpango wa kuisogeza reli mpya kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba. Kwa ramani tuliyoiona itapita Narok na Bomet. Nakuru inaachwa na reli yake ya zamani, na kijireli cha Solai kwa miaka mingi hakijaona gari. Watu wa Subukia wataendelea kupandisha kabichi kwenye malori mpaka lini, hatujui. Lakini kabla njia hiyo haijamalizwa ndio wakati wa kusema, maana nguzo za umeme ni rahisi kuzipanga sasa kuliko kuzidai baada ya miaka ishirini.

Kwa hiyo kamati imeandika barua. Inaomba njia ya mbele iwe ya umeme wa Bonde hili, na reli ya zamani ya Nakuru ipewe mabehewa ya abiria yenye kiti ambacho mtu hataona haya kumketisha mama mkwe wake. Hilo la kiti baadhi ya wanakamati walilicheka. Sisi tuliling'ang'ania. Treni ikirudi na mbao zile zile, hata ikiendeshwa kwa mvuke wa Menengai, mtu atakopa tena sako anunue gari la kuweka chini ya mparachichi. Barua inaomba pia mafundi wa dizeli wafundishwe kazi ya umeme wakiwa bado kazini, kwa mshahara kamili, kabla injini ya kwanza ya umeme haijashushwa bandarini.

Yule fundi ameisoma. Amesema hatatia sahihi mpaka neno la mafunzo liandikwe juu kabisa, kabla ya habari za umeme na kabla ya habari za viti, na sisi tumeona ana haki. Katibu anaiandika upya sasa hivi pale nyuma. Chai ikishanywewa ataisoma, na kalamu iko kwa mweka hazina.